Bima ya afya ya wazee: nani atalipa, na atalipa kwa miaka mingapi? (Uzi mrefu kutoka Lubumbashi)

Mtoto wa Katuba

Jambo yenu, wakubwa na wadogo. Mimi ni mweka hazina wa mutuele ndogo ya afya, yaani mfuko wa majirani wa kutibiana, hapa Lubumbashi, kazi ninayoifanya jioni nikitoka kwenye kazi yangu ya mchana. Kaye, daftari la pesa, inalala kwangu. Wiki jana kijana mmoja wa avenue yetu aliniuliza kwa nini serikali isiwape wazee wote bima ya bure kama Amerika. Nilimjibu kwa haraka, na jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Mama yangu ana presha. Anameza amlodipini, kidonge kimoja kila asubuhi, na daktari alimwambia ni mpaka mwisho wa maisha. Kwenye famasia ya karibu na soko mwenye duka ana makasi juu ya meza. Ukiwa na pesa ya vidonge vitano, anakata bamba pale pale baada ya cha tano. Mara nyingi kipande unachopewa hakina jina la dawa wala tarehe ya kuharibika, vimebaki kwenye kipande cha mteja mwingine. Kuna mwezi mimi na ndugu zangu hatukujipanga vizuri. Mama alikuwa akimeza siku moja, anaruka mbili, wala hakutuambia. Niligundua kwa kuhesabu matundu kwenye bamba. Tangu siku ile, nikisikia mtu anataja bima ya wazee, nafikiri kidonge cha siku ya sita: kitatoka wapi mwezi huu, na kitatoka wapi miaka kumi ijayo.

Sasa hiyo ya Amerika. Inaitwa Medicare. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 30 Julai 1965, na kadi ya kwanza akampa rais wa zamani, mzee Harry Truman. Mtu akifika miaka 65 anaingia. Lakini si bure. Upande wa kulazwa hospitali unalipwa na kodi ya mshahara: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.45, mwajiri anaweka 1.45 nyingine. Anaanza kukatwa kwenye mshahara wake wa kwanza, ana miaka ishirini, hana hata mafua. Upande wa kumwona daktari bila kulazwa, mzee mwenyewe anatoa mchango kila mwezi. Mwaka 2025 ulikuwa dola 185, na wote wakitoa inafika karibu robo tu ya gharama. Sehemu kubwa ya zilizobaki inatoka kwenye hazina ya serikali.

Na pamoja na hayo yote, mfuko unavuja. Ripoti ya wasimamizi wake ya mwaka 2025 inasema akiba ya upande wa hospitali itakwisha mwaka 2033. Mlango hautafungwa siku hiyo, kwa sababu kodi itaendelea kuingia, lakini itatosha kama asilimia 89 ya bili. Sababu yake hata mama wa sokoni anaielewa. Mwanzoni kila mzee alikuwa na wafanyakazi zaidi ya wanne wanaokatwa kodi kwa ajili yake. Leo hawafiki watatu. Watoto wamezaliwa wachache, wazee wanaishi zaidi, na matibabu yamepanda bei.

Kwetu hesabu imegeuzwa. Kongo, wenye miaka 65 na zaidi ni kama asilimia 3 tu ya watu wote. Marekani wamepita 17, Japani wanakaribia 30. Ukihesabu vichwa, mzigo wetu wa wazee ni mwepesi mno. Tatizo ni kutafuta wenye karatasi ya mshahara. Muuza makala (makaa ya kupikia), fundi wa pikipiki, mama anayeleta samaki kutoka Kasenga, mchimbaji wa mkono, hao wote wameamka kabla ya jua, na hakuna ofisi inayoweza kuwakata hiyo 1.45. Wenye karatasi wanakatwa asilimia 5 kwenda CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anaongeza 13, ila pesa hiyo ina kazi tatu: pansheni, posho ya familia, na ajali au magonjwa ya kazini. Presha na sukari hazimo. Ukiwa kazini, sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri akutibu wewe na nyumba yako. Ukitoka na miaka yako 60, wajibu huo unakwisha, na ndipo magoti na moyo vinaanza kudai.

Naomba maoni, hasa ya wenye kupinga.

Yaya wa Ruashi

Mukubwa, asante, lakini unazunguka sana. Feza iko mu udongo! Kodi ya mishahara ya nini wakati malori ya shaba yanapita usiku na mchana mpaka mpakani Kasumbalesa? Sheria ya madini ya 2018 imesema wazi: mrabaha, ile pesa kampuni inayolipa kwa madini inayotoa, ukilipwa, asilimia 50 inakwenda Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa komine au sekta yenye mgodi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tuchukue kipande hapo, tuwatibu bazee betu. Nani atakataa?

Mtoto wa Katuba

Yaya, hakuna atakayekataa, na mimi sikatai. Ninachoogopa ni kumfunga mzee kwenye shaba kwa mara ya pili.

Wewe umezaliwa hapa, unakumbuka wazee walivyosema: kampuni njo baba, njo mama. Ilianza na Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, na kuanzia 1967 ikaendelea na kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Hospitali ilikuwepo, shule ilikuwepo, unga wa posho ulikuwepo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa kama tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa 1986. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Sitaki kumlaumu mtu hapa. Naangalia tu jinsi daktari, dawa na unga wa watoto vilivyoning'inia kwenye kamba moja, na kamba ile ilikuwa bei ya shaba na uzima wa migodi.

Chukua kobalti ya juzi. Mwaka 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka karibu na 20,000, na Februari mwaka huo serikali ikasimamisha kuiuza nje. Mrabaha wa kobalti ni asilimia 10, lakini asilimia 10 ya kitu kisichotoka ni sifuri. Mama yangu alimeza kidonge chake Februari ile, na Machi, na Aprili.

Kwa hiyo naiona pesa ya madini kama tangi la maji juu ya paa. Mvua ikinyesha lijae, likae na kifuniko, tulifungue mwaka wa ukame. Dawa ya kila asubuhi itoke kwenye kitu kinachoingia kila mwezi, hata kikiwa kidogo.

Kijana Bel-Air

Mimi ndiye niliyemuuliza swali hilo wiki jana 🙂 Sawa mzee, nimeelewa kodi. Bado nauliza: kwa nini mzee mwenyewe atoe chochote? Amefanya kazi miaka arobaini. Iwe bure tu, basi.

Mtoto wa Katuba

Mwanangu, moyo wako uko mahali pake. Japani walifanya hivyo hasa. Mwaka 1973 matibabu yakawa bure kwa wenye miaka 70 na zaidi. Gharama zikakimbia kuliko mapato, na mwaka 1983 wakarudisha malipo kidogo kwa mgonjwa. Mwaka 2008 wakatengeneza mfuko wa wenye miaka 75 na zaidi, nao mgawanyo wake naupenda kwa sababu kila mtu anauelewa: ulipoanza, nusu ilitoka serikalini, asilimia 40 kwa bima za watu wa chini ya umri huo, na 10 kwa michango ya wazee wenyewe. Mzee anatoa kidogo, lakini anatoa, na mwenye mapato makubwa anatoa zaidi akienda hospitali.

Kuna njia nyingine ya Waafrika wenzetu. Ghana, tangu sheria ya bima yao ya 2003, mtu wa miaka 70 na zaidi amesamehewa mchango. Pesa kubwa inatoka kwenye ushuru wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, pamoja na kipande cha makato ya wafanyakazi wenye mishahara. Hapo muuza makala naye anachangia anaponunua sabuni, bila ofisi kumfuata. Ila mwaka 2017 serikali yao iliweka kikomo juu ya pesa za mifuko maalumu kama huo, kikaondolewa kwa bima ya afya mwaka 2025. Ushuru wenye jina la wagonjwa unaweza kukusanywa vizuri kabisa halafu usifike kwa wagonjwa. Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia bure, uliza pesa inapita mikono ya nani kabla ya kufika famasia.

Mwalimu Kampemba

Mheshimiwa mweka hazina, hayo ya Japani na Ghana ni mazuri. Sisi walimu tunataka kusikia kaye yako. Mutuele yenu ilianguka au haikuanguka? Watu wanasema ilianguka.

Mtoto wa Katuba

Mwalimu, ilianguka. Nitaeleza yote, maana nilikuwa nimeshika kaye.

Tulianza watu 62, mchango franka 3,000 kwa mtu kwa mwezi. Tulitangaza kuwa ni mutuele ya wazee. Tulikosea tangu siku ile, kwa sababu katika wale 62 wazee wa zaidi ya miaka 60 walikuwa 49. Vijana walitupongeza, wakasema Mungu awabariki, hawakujiandikisha. Na wazee waliokuja mbio walikuwa wale ambao tayari wanaumwa. Papa mmoja alilipa mwezi wa kwanza, wiki ya pili akaingia kwa operesheni ya prostate (tezi dume). Bili ile moja ilikula makusanyo ya miezi minne. Sikuweza kumkasirikia, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Mwezi wa saba mama mmoja akapooza upande wa kulia, nikafungua sanduku mbele ya mwanawe, ndani kulikuwa na noti za kuhesabika kwa mkono mmoja. Mwanawe alisimama tu pale. Hakusema neno, akanisaidia kufunga kifuniko.

Tulikaa miezi mitatu bila kukusanya. Kisha tukarudi na masharti mengine. Hakuna kuingia peke yako: nyumba inaingia yote, mtoto wa miaka minne na bibi wa sabini katika karatasi moja. Mgeni anangoja miezi mitatu kabla ya kutibiwa. Mgonjwa analipa sehemu ya tano ya bili, mutuele inalipa nne. Hili la mwisho hatukulibuni sisi. Mutuele ya hospitali ya Bwamanda, kule Sud-Ubangi ya leo, ilianza mwaka 1986 na mgonjwa wake alibaki na asilimia 20. Walikusanya mara moja kwa mwaka, wakati mkulima amekwisha kuuza mavuno. Sisi hatuna mavuno, tunakusanya jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla pesa haijaonja njia nyingine.

Leo tuko nyumba 41, watu 214. Wenye zaidi ya miaka 60 ni 38. Kwa wastani mzee mmoja anatumia kama franka 8,500 kwa mwezi, na asiye mzee kama 1,700. Zidisheni wenyewe: mchango wa franka 3,000 unambeba mzee kwa sababu vijana zaidi ya wanne wamekaa naye kwenye mkeka mmoja. Waondoe vijana, mchango wa mzee unakuwa 8,500, na asiyeweza anatoka, na anayebaki ndiye anayeumwa zaidi, mchango unapanda tena. Ndivyo tulivyokufa mara ya kwanza. Kila mwezi inabaki kama franka 20,000 za akiba. Ni kidogo mno, najua.

Nesi wa usiku

Nimesoma yote nikiwa kwenye zamu. Mnaongea pesa ya kuingia, mimi naona ya kutoka. Mgonjwa akija na pesa yake mkononi, anaandikiwa kipimo kimoja. Akija na karatasi ya mutuele au ya kampuni, kalamu inakimbia: vipimo vitano, seramu, antibiotiki mbili. Nimeona mzee wa malaria nyepesi analazwa siku nne kwa sababu bili ilikuwa ya mtu mwingine. Sisemi ni wapi. Mfuko wowote mtakaotengeneza, wa komine au wa taifa, ukilipa kila mstari wa faktura utakwisha hata mkiujaza dhahabu.

Mtoto wa Katuba

Dada nesi, ungekuwa karibu ningekupigia magoti. Hilo ndilo lililobaki.

Medicare yenyewe ilianza kwa kulipa hospitali gharama zozote ilizoonyesha. Miaka kumi na minane ilipita kabla ya kubadilisha. Mwaka 1983 wakaanza kulipa kwa aina ya ugonjwa: mgonjwa wa nimonia ana bei yake, akikaa siku tatu au siku tisa hospitali inapata ile ile. Sisi hapa tunaita forfe, na tulikubaliana hivyo na sentri moja ya afya: malaria bei yake, kuzaa bei yake, ziara ya presha bei yake pamoja na dawa za mwezi mzima. Mwenye sentri alisita. Alikubali nilipomwonyesha kwamba tutamlipa ndani ya siku kumi, kila mwezi, bila kuchelewa. Kwake pesa ndogo ya uhakika ilikuwa bora kuliko faktura nene inayongoja.

Halafu bei ya dawa. Kwa miaka mingi Medicare haikuruhusiwa kujadiliana bei na viwanda. Sheria ya 2022 ndiyo iliyofungua, na bei mpya za dawa kumi za kwanza zimeanza Januari 2026. Sheria hiyo hiyo iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya mzee. Nchi tajiri kama ile ilichukua karibu miaka sitini kufika pale ambapo mama wa sokoni anaanzia kila asubuhi, kupatana. Mutuele yetu sasa inanunua amlodipini kwa boksi, kutoka depo moja, kwa wazee wote kwa pamoja. Mama anapata bamba zima, lenye jina na tarehe. Makasi yamekwisha.

Lakini nisiwadanganye. Figo zikikataa, mutuele yetu haina jibu. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki kungemaliza pesa ya nyumba 41 kabla ya mwezi kuisha. Marekani, tangu 1973, Medicare inalipia mwenye figo zilizokufa hata kama hajafika 65, kwa sababu waliona hakuna familia wala kampuni ndogo inayoweza. Hapo ndipo ninapoidai serikali, na ndipo tangi la Yaya wa Ruashi lingekuwa na kazi yake halisi. Kinshasa walizindua huduma ya afya kwa wote Septemba 2023, wakaanza na wamama wanaozaa na watoto wachanga. Nilifurahi, kuzaa hakungoji. Orodha ikiongezwa, naomba presha na sukari za wazee ziwe mstari unaofuata, kabla ya figo kufika kwenye mashine. Kidonge cha asubuhi ni rahisi kuliko mashine.

Yaya wa Ruashi

Kwa tangi nimekubali. Sasa swali langu la mwisho, mukubwa, na usinijibu kwa Japani. Mmesema nyumba inaingia yote. Kwenye avenue yangu kuna wamama wajane wasio na nyumba ya kuingia nayo. Watoto wamekufa, au wamekwenda Zambia hawarudi. Sharti lenu linawafungia nje wale wale wenye shida zaidi.

Mtoto wa Katuba

Yaya, umegusa kidonda. Tunao watatu, kwenye avenue yetu wenyewe. Mmoja anauza matembele mbele ya mlango wa kanisa, kila nikipita ananiuliza kama kaye imejaa.

Niliandika hesabu yao jana usiku. Mchango wa watatu ni franka 9,000, ukiugawa kwa vichwa 214 ni franka 42 kila mtu. Nilifurahi, halafu nikajikumbusha mwenyewe niliyoyaandika hapo juu: mzee hagharimu mchango wake, anagharimu matumizi yake. Watatu kwa 8,500 ni 25,500. Kwa vichwa 214 ni franka 119.

Mwalimu Kampemba

119 haina noti. Iiteni 150.

Mtoto wa Katuba

Ndiyo, Mwalimu, nimeiita 150, noti ya mia na noti ya hamsini. Inatoa franka 32,100 kwa mwezi. Wamama watatu wanatibiwa na inabaki 6,600 inayokwenda kwenye akiba. Nitaipeleka mbele ya nyumba 41 jumamosi. Baadhi watasema leo ni wajane watatu, kesho watakuwa kumi. Wana haki ya kusema, na nimeandaa jibu: wakifika kumi tutahitaji watu wapya, kwa hiyo kila nyumba inayomdhamini mjane ilete na nyumba nyingine moja ya vijana. Kijana Bel-Air, yako ni ya kwanza kwenye orodha. Njoo na wadogo zako wote, na uje kabla ya saa nne, kaye inafunguliwa mapema.